Umebadilisha oili, sasa klachi inateleza, gia zinakwaruza ama gari inatetemeka? Anzia hapa

Ukikaa na watu wa bodaboda, tuktuk na matatu hapa Mombasa utasikia imani moja kila siku, kwamba oili ikiteleza zaidi ndio bora zaidi. Ndio unakuta mtu katoa pesa nzuri kanunua oili ya gari ya kisasa akaimwaga kwenye pikipiki, ama kaambiwa na muuza spea achanganye chupa ya dawa ya kupunguza msuguano, kishapo siku chache baadaye anasukuma chombo mpaka kwa fundi, na fundi anaanza kufungua injini ambayo haina kosa lolote. Mara nyingi hapo oili haijaharibika wala sio feki, imefanya kazi yake sawasawa, ila imeifanya mahala ambapo haikutakiwa.

Kwenye chombo kimoja kuna sehemu zinataka msuguano ushuke mpaka chini kabisa na kuna sehemu zingine zinaishi kwa msuguano, ukiutoa zimekufa. Kwa hivyo kabla hujalaumu spea, jiulize maswali mawili: dalili imeanza lini ukilinganisha na siku uliyobadilisha oili, na sehemu inayolalamika inataka kuteleza ama inataka kushika? Majibu ya hayo mawili yanakutoa kwenye gharama nyingi sana.

Kwanza tuelewe hizi dawa zinafanya nini humo ndani

Chuma hata king'arishwe namna gani, ukikitazama kwa darubini kina vilele na mabonde. Krenki, ile shafti kuu ya injini, ikizunguka kwa kasi inavuta oili katikati yake na beringi, oili inatengeneza utando unaoachanisha vyuma viwili kabisa, na hapo kinachoamua msuguano ni uzito wa oili (yaani inavyokuwa nzito ama nyepesi kumiminika) pamoja na kasi na mzigo, dawa haina kazi hata ukiweka debe zima. Mjerumani Richard Stribeck alishaonyesha kwenye vipimo vyake vya beringi, alivyochapisha mwaka 1902, kwamba msuguano unategemea kasi, mzigo na uzito wa oili vikifanya kazi pamoja, na mpaka leo mafundi wa oili wanachora mchoro wake.

Shida inakuja kasi ikifa. Pistoni ikifika juu kabisa inasimama kidogo kabla haijarudi, na hapo utando unakuwa mwembamba mno mpaka vilele vinagusana. Kemu, shafti inayofungua valvu, nayo inakandamiza tapeti, vile vikombe vinavyosukuma valvu, kwa mzigo mkubwa kwenye eneo dogo, na asubuhi ukistati oili yote iko chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hizo ndizo sehemu ambazo viongezeo vya kupunguza msuguano vimetengenezewa, wala sio injini yote.

Viko vya namna mbili kubwa. Kuna vile vya asili ya mafuta, mfano gliseroli monooleti, molekuli zake zina kichwa kinachoshika chuma na mkia mrefu unaopenda oili, vichwa vinajipanga juu ya chuma na mikia inasimama imebanana, kwa hivyo kinachopishana sasa ni mikia na mikia badala ya kilele na kilele. Kisha kuna molibdeni, ile inayoandikwa MoDTC. Hii imeyeyuka ndani ya oili na haifanyi lolote mpaka ipate joto na isuguliwe, ikishapata inavunjika na kuacha juu ya chuma vipande vyembamba mno vya molibdeni disalfaidi, tabaka zake zinateleza moja juu ya nyingine bila ubishi. Vyuma vinavyogusana kwenye oili ya kawaida vina kipimo cha msuguano karibu 0.1 ama 0.12, MoDTC ikiamka kinaweza kushuka mpaka 0.05 hivi, yaani nusu ama chini ya nusu.

Halafu kuna zinki, ZDDP, ambayo watu wanaichanganya na hizi mbili na ndio nataka niikazie. Zinki imekuwa kwenye oili za injini tangu miaka ya 1940 na kazi yake ni kuzuia chuma kulika. Inajenga utando mgumu wa fosfeti wenye unene wa karibu nanomita 100, na huo utando saa ingine unaongeza msuguano kidogo badala ya kuupunguza. Kwa hivyo oili inaweza kulinda chuma vizuri sana na isiteleze sana, na nyingine ikateleza sana na ulinzi wake ukawa wa kawaida. Mtu akikuuzia "inapunguza msuguano" hajakuambia bado kama inazuia kulika.

Jambo la mwisho kabla ya dalili: hivi vyote vinagombania pahala pamoja, uso wa chuma. Zinki inataka kukaa pale, molibdeni pia, sabuni za kusafisha injini nazo pia. Aliyechanganya oili kiwandani amepima nani apate nafasi kiasi gani, wewe ukiongeza chupa yako juu umemsukuma mmoja atoke na humjui ni nani.

Pikipiki ama tuktuk: ukivuta moto injini inapiga kelele lakini chombo hakiendi

Hii ndio dalili inayonileta kuandika. Unatoka feri Likoni umebeba abiria wawili, unapanda ule mteremko, unavuta moto, injini inalia juu lakini mwendo haupandi. Kwenye barabara bapa unaweza usijue, ni mzigo ndio unaifichua.

Pikipiki nyingi za boda na tuktuk nyingi klachi yake inaoga ndani ya oili ileile ya injini. Ni rundo la sahani, moja ya chuma, moja yenye bitana ya msuguano, moja ya chuma, tena ya bitana, zinabanwa na springi, na nguvu yote ya injini inapita kwa kushikana kwa hizo sahani. Sasa chukua oili iliyotengenezwa ili vyuma visishikane, uimwage mle. Viongezeo havijui hii ni kemu na hii ni klachi, vinajipanga kote, sahani zinateleza, zikiteleza zinapata moto, bitana inaungua inakuwa laini na ya kung'aa, na ikifika hapo hata ukirudisha oili nzuri haishiki tena.

Hili tatizo Wajapani walikutana nalo mapema. Oili za gari zilipoanza kujazwa vipunguza msuguano ili magari yale petroli kidogo, klachi za pikipiki zikaanza kulalamika, na mwaka 1998 wakatoa kipimo cha JASO T903 cha oili za pikipiki (JASO ni shirika lao la viwango vya magari). Ndio ile MA, MA2 na MB unayoiona nyuma ya mkebe. MA na MA2 zimepimwa kwa klachi yenyewe zikaonekana zinashika, MA2 inashika zaidi. MB ina msuguano mdogo, ni ya skuta zile za otomatiki ambazo klachi yake ni kavu na haikutani na oili ya injini, na kwa skuta hizo MB ni nzuri tu, hakuna ubaya. Ubaya ni MB kwenye pikipiki ya gia.

Jinsi ya kujua ni oili ama ni kitu kingine. Ikiwa klachi ilikuwa inashika vizuri na imeanza kuteleza mara tu baada ya kubadilisha oili, ama baada ya kutia chupa ya dawa, mshuku mgeni aliyeingia. Ikiwa imekuja polepole kwa miezi, kila wiki mbaya zaidi ya iliyopita, hapo ni sahani zimelika ama springi zimechoka na oili haina hatia. Kabla ya yote lakini, jambo la bure kabisa, angalia mchezo wa kebo kwenye mkono wa klachi, lazima kuwe na nafasi kidogo kabla haijaanza kuvuta. Kebo ikikazwa sana klachi inabaki imefunguka nusu siku nzima, na dalili yake ni ileile moja kwa moja, mtu ananunua sahani mpya kumbe ni nati ya kebo.

Ukishaona ni oili, imwage ikiwa na moto ili itoke yote, weka yenye MA ama MA2, endesha siku chache, kishapo imwage tena hata kama ni mpya. Inauma mfukoni najua, lakini kuna oili inabaki kwenye kona za injini na bitana yenyewe inakuwa imenyonya ile ya kwanza, kumwaga mara moja hakutoshi. Ikiwa uliteleza nayo muda mfupi tu klachi inarudi. Ikikataa, fungua, na ukiona bitana inang'aa ama imepiga rangi ya kuungua na sahani za chuma zina rangi ya buluu, badilisha seti nzima. Usipige msasa ukarudisha, ile bitana imeshapikwa.

Na tafadhali, 20W-50 sio jibu la swali hili. Watu wanakwambia "mimi naweka 20W-50 sina shida" na kweli hana, lakini hiyo namba inasema uzito wa oili tu, haisemi kitu kuhusu msuguano. Kuna 20W-50 ya kushika na inaweza kuwepo ya kutelezesha. Kinachosema ni herufi za JASO. Ile oili ya gari yenye alama ya duara ya API (taasisi ya mafuta ya Marekani), ukiona sehemu ya chini ya duara imeandikwa Energy Conserving ama Resource Conserving, hiyo imepita mtihani wa kupunguza matumizi ya mafuta, na kwa kawaida imeupita kwa uzito mwepesi pamoja na vipunguza msuguano. Iache kwa gari. Sio kila oili ya gari itatelezesha klachi, nakubali, kuna mafundi wanatia oili ya dizeli 15W-40 miaka nenda rudi na klachi inashika kwa sababu oili nyingi za dizeli nzito hazina vipunguza msuguano vya nguvu, lakini kama haijaandikwa MA hujui, unabahatisha na klachi ya mtu anayelisha familia kwa ile pikipiki.

Gia zinakwaruza ama zinagoma baada ya kubadilisha gia oili

Matatu ama pikapu ya gia za mkono, ilikuwa inaingia gia vizuri, umeweka oili mpya ya "90" kwa sababu ni nzito na ina harufu kali, sasa kutoka ya pili kwenda ya tatu inakwaruza.

Ndani ya giaboksi kuna sinkronaiza, pete ndogo ambayo nyingi ni za shaba ya njano (brasi), inashika koni ya gia na kuilazimisha izunguke kasi moja kabla meno hayajaingiliana. Inafanya hivyo kwa msuguano, haina njia nyingine. Ile harufu kali ni salfa, na oili ya GL-5 (GL-4 na GL-5 ni madaraja ya gia oili) imebeba salfa na fosforasi nyingi, takriban mara mbili ya GL-4, kwa sababu imetengenezewa difu, ile inayogawia magurudumu nguvu, ambapo meno yanateleza pembeni chini ya mzigo mkubwa na utando wa kawaida haustahimili. Kwenye difu ni sawa kabisa. Kwenye giaboksi iliyoandikiwa GL-4 tu pete inateleza, haiwahi kusawazisha kasi, na meno yanagongana. Kisha salfa hiyo ikipata joto inaweza kula metali za rangi ya njano, ingawa GL-5 nyingi za siku hizi zimepunguzwa ukali kwa upande huo. Kuna giaboksi zimeruhusiwa zote mbili, kwa hivyo fuata kitabu cha gari yako, usifuate harufu.

Jipime hivi: zima injini, ingiza gia moja moja. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwa inanguruma, inawezekana klachi haiachii vizuri, hiyo sio oili. Ikiwa inakwaruza gari ikitembea tu, kwa gia moja ama mbili, na imeanza na oili mpya, mwaga oili. Ikiwa oili ni ileile na gia ya pili peke yake ndio inakwaruza, sinkronaiza ya pili imelika kwa sababu ndiyo inayofanya kazi nyingi mjini, hasa kwenye foleni ya Makupa mpaka Changamwe.

Gari ya otomatiki inatetemeka ukiwa kwenye mwendo

Uko barabara ya Dongo Kundu, mwendo wa 60 ama 70, mguu mwepesi tu, na gari inatetemeka kama unapita juu ya vijituta vidogo vilivyofuatana, kisha inaacha. Wengi wanakimbilia plagi na koili. Inawezekana, lakini jaribu hivi kwanza pahala ambapo hakuna gari nyuma yako: ikianza kutetemeka, bila kuachia mwendo, gusa kanyagio la breki kidogo sana. Kwenye gari nyingi hapo klachi ndogo iliyo ndani ya toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inaachia. Mtetemeko ukikata papo hapo, tafuta kwenye giaboksi. Ukiendelea, rudi kwenye plagi.

Sababu yake inapendeza kuielewa. Hiyo klachi ndogo inashika huku ikiteleza kidogo, na ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, imewekewa vipunguza msuguano kwa hesabu, ili sahani zikipishana kwa kasi zaidi msuguano upande na zikikaribia kusimama ushuke. Hapo zinashikana kwa ulaini. Oili ikizeeka vile viongezeo vinaisha kwa joto, hesabu inageuka, msuguano unakuwa mkubwa pale zinapokaribia kusimama, kwa hivyo zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia, mara nyingi kwa sekunde, na hiyo ndio unayoihisi kitini. Kwa hivyo hapa, kinyume na klachi ya boda, shida ni vipunguza msuguano kupungua. Kubadilisha ATF kwa ile hasa iliyoandikwa kwenye gari yako mara nyingi kunatibu, ikiwa hujachelewa.

Kwa CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, sheria ni nyingine kabisa na watu wanaumia sana hapa. Gari nyingi za Kijapani zinazoshuka hapa bandarini ni CVT, ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli za chuma, na nguvu inapita kwa chuma kushika chuma. Oili ya CVT inatakiwa ilinde kulika lakini iache chuma kishike chuma. Ukimwaga ATF ya kawaida mle, ama chupa ya dawa, mkanda unateleza, unachora puli, na giaboksi hiyo haitengenezeki kwa bei ya kawaida. Kama fundi amekwambia "ATF ni ATF" mshukuru, chukua funguo zako uondoke.

Difu inaunguruma ukikata kona taratibu

Hii ni kwa wenye difu za LSD tu, zile zenye sahani ndani ili gurudumu moja lisizunguke bure kwenye mchanga. Umebadilisha oili ya difu, sasa ukikata kona kali kwenye maegesho nyuma kunatoka mngurumo na kugongagonga. Ni sahani zinashika na kuachia, zimekosa kipunguza msuguano. Hapa, na ni mahala pachache sana nitakuambia hivi, nunua ile chupa ndogo ya kiongezeo cha LSD ama badilisha na oili iliyoandikwa LSD, kishapo tafuta uwanja mtupu uzungushe gari umbo la nane taratibu ili oili iingie katikati ya sahani. Usizidishe. Ukizidisha kelele inaisha kabisa, na siku ukikwama kwenye mchanga wa Diani gurudumu moja litazunguka peke yake kwa sababu difu yako imegeuka ya kawaida.

Nimetia dawa ama nimeweka oili ghali, petroli inaliwa ileile

Kuna sababu tatu nazikuta mara nyingi. Ya kwanza ni matarajio. Vipunguza msuguano vinagusa sehemu ndogo ya hasara ya injini, zile kona ambazo vyuma vinagusana, kwa hivyo faida yake ya kweli ni asilimia chache tu, na hizo unaweza kuzipoteza kwa tairi lenye upepo mdogo. Anayekuahidi robo ya petroli yako anakudanganya.

Ya pili ni uzito. Gari imeandikiwa 0W-20, umeambiwa Mombasa ni joto weka 20W-50. Lakini joto la injini linashikwa na thamostati, maji yanakaa karibu nyuzi 80 mpaka 90 uwe Kisauni ama uwe Limuru, kwa hivyo injini ikishapata moto jua la nje halibadilishi sana. Ile 20 na ile 50 zinapimwa kwenye nyuzi 100, na kwa nyuzi hizo 50 ni nzito karibu mara mbili ya 20. Umeongeza msuguano wa utando kwenye beringi zote ili kuokoa kidogo kwenye kemu. Injini iliyochoka inayokula oili ni habari nyingine, hiyo kupandisha uzito kidogo naelewa.

Ya tatu ni umri wa oili. MoDTC inaisha mapema, mara nyingi kabla oili yenyewe haijachoka kwa mambo mengine, na inaisha haraka zaidi zinki ikishapungua kwa sababu hizo mbili zinasaidiana. Kwa hivyo ile raha ya wiki za kwanza baada ya sevisi kisha inapotea, inaweza kuwa ya kweli.

Tapeti zinagonga, kemu inalika

Ikigonga asubuhi tu kisha inanyamaza, angalia kiwango cha oili na filta kwanza. Ikigonga muda wote na gari ni ya zamani, mfano Peugeot 504 pikapu ambayo bado inabeba nazi, fikiria zinki. Oili nyepesi za kisasa zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 kwa sababu fosforasi inaharibu kataliki ya ekzosi, ile inayosafisha moshi, na tapeti bapa za injini za zamani zinahitaji ulinzi huo zaidi. Kikomo hicho hakibani 20W-50, kwa hivyo mzee wa 504 anayetumia 20W-50 nzuri hana haja ya chupa yoyote.

Kuhusu chupa zenyewe niseme waziwazi. Ile mashine ya maonyesho ya wauza dawa, beringi inabanwa kwenye gurudumu, bila dawa inakwama, na dawa inazunguka, sio injini. Kuna dawa zenye klorini zinapita mtihani huo vizuri sana, lakini klorini ndani ya injini ikikutana na moto na unyevu inaweza kuleta asidi inayokula beringi. Zile zenye unga wa PTFE (ile plastiki ya sufuria zisizoshika) zinaweza kujikusanya kwenye filta na njia nyembamba za oili. Marekani tume yao ya biashara, FTC, iliwashtaki wauzaji wa Slick 50 mwaka 1996 kwamba madai yao hayakuwa na ushahidi, na mwaka 1997 wakamalizana kwa makubaliano ya kuacha madai hayo. Tatizo lako likiwa ni kemu iliyokwisha kulika, hakuna chupa itakayorudisha chuma.

Oili imekuwa kama maziwa

Masika yakipiga na barabara zikajaa, tuktuk na boda zinapita kwenye maji mpaka juu ya ekseli. Ukiona oili nyeupe nyeupe usingoje sevisi. Maji yanavunja zinki, na viongezeo vyenye vichwa vinavyopenda chuma vinapenda maji pia, vinaacha chuma vinakwenda kukaa na maji. Mwaga, weka ya bei nafuu yenye herufi sahihi, zungusha mpaka ipate moto, mwaga tena, ndio uweke ile yako nzuri. Kwa gari, kama hukupita kwenye maji, fikiria gasketi ya hedi, na maji ya rejeta yamepungua kiasi gani.

Utajuaje kama viongezeo vimo

Kwa macho hujui, na kwa vidole hujui. Kusugua oili katikati ya kidole gumba na cha shahada kunakuambia uzito tu, na weusi unakuambia sabuni za oili zimefanya kazi ya kubeba masizi. Mkebe uliofunguliwa ukajazwa oili iliyosafishwa kienyeji unaweza kuwa na rangi nzuri kuliko halisi, kwa hivyo tazama sili, tazama namba ya bechi ikiwa inafanana kwenye mkebe na kwenye katoni, na mkebe wako ukishatumika utoboe usimpe mtu.

Kama una matatu kadhaa ama malori na unapoteza injini, peleka sampuli maabara, mji wa bandari haukosi pa kupima oili. Kipimo cha metali kitakupa zinki, fosforasi, kalsiamu na molibdeni kwa namba, ulinganishe na oili mpya kutoka mkebe uleule, kwa hivyo peleka chupa mbili. Ila ujue vile viongezeo vya asili ya mafuta havina metali, havitaonekana kwenye kipimo hicho, ukikuta molibdeni sifuri usihukumu haraka kwamba oili haina kitu. Sampuli ichukuliwe injini ikiwa na moto, uache ya kwanza itoke kidogo, ukinge ya katikati kwenye chupa safi na kavu, uandike juu yake kilomita ilizotembea tangu sevisi, maana bila hizo kilomita namba za maabara hazitakuambia kama oili imechoka kwa wakati wake ama imekufa mapema.